Mto Uliojificha Mchangani

Sokoni Homa Bay, mikono ya watu wawili ilimdaka ngege, samaki wa mwisho wa kukaanga.

"Wacha huyo, ni wangu," alisema Mourine.

"Kwani umemwandika jina?" aliuliza kijana aliyeshika mkia.

Kijana alivaa shati la samawati lililonyooshwa vizuri na mabuti yaliyojaa vumbi. Mourine, fundi cherehani wa Suna, aliyependeza kwa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe, alimwona mzuri mpaka akajikasirikia. Walimla yule samaki pamoja. Kijana aliitwa Maroa, mpimaji wa maji kutoka Kehancha, na haikupita muda simu zake zikawa zinamfanya Mourine ajidunge sindano kidoleni.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula, na sijakubakishia."

Nyumbani kwa Bathsheba, mama yake Mourine, nje ya mji wa Migori, hupita kijito cha Nyasoro. Kiangazi hukauka, na watu huchimba mchanga kwa mikono hadi maji yapande. Mwaka huo ng'ombe waliyakataa maji hayo. Walisimama tu kwenye mchanga mkavu mchana kweupe, vichwa chini, kama wanaomsikiliza mtu. Vyura walinyamaza. Mikono ya Bathsheba ikaanza kutetemeka. Kule juu kulikuwa na kiwanda cha miaka mingi cha kusafisha dhahabu, na wanakijiji wakakishtaki.

Mahakamani Homa Bay, wakili wa kiwanda alisema sheria inakataza kuchafua mto, na Nyasoro si mto, ni mchanga. Akamwita shahidi wake. Aliyeingia ni Maroa; kumbe kiwanda ndicho kilichomwajiri.

"Ulipopima, uliona maji?"

"Hapana. Palikuwa pakavu."

Mourine alitoka nje, machozi yakimtiririka. Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, nisikilize. Kuanzia leo mama asinywe maji ya Nyasoro. Mtu yeyote asichimbe."

"Sasa unatutisha? Wamekununua, Maroa?"

"Siwezi kueleza. Aki niamini tu."

"Potea!"

Alikata simu. Lakini hofu ilimwingia, akamzuia mama, akawaonya na majirani.

Wiki iliyofuata jaji alikuja kujionea mwenyewe. Jua lilikuwa utosini, na hapakuwa na upepo wala ndege aliyelia.

"Nionyesheni hayo maji," alisema.

Bathsheba alipiga magoti akachimba. Mchanga uligeuka baridi. Chini yake kilisikika kitu kikinong'ona, na wote wakakisikia, hata wakili wa kiwanda, maana alirudi nyuma. Maji yakapanda polepole. Yalikuwa ya kijani, kijani kinachong'aa kama macho ya paka.

Bathsheba alipiga mayowe.

"Usiogope, mama," Maroa alisema, akijitokeza mbele. "Mheshimiwa, hiyo ni rangi ya kupimia, haina madhara. Niliimwaga kwenye bwawa la taka la kiwanda siku ile niliyotoa ushahidi. Nilisema sikuona maji, na ni kweli sikuyaona. Yanapita chini. Na zebaki ya kiwanda, ile sumu ya kusafishia dhahabu, hupita njia hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo akafutwa kazi. Mourine alimfuata hadi barabarani.

"Mbona hukuniambia, wewe?"

"Ungejua, wangesema mmemwaga nyinyi."

Mourine alimkumbatia palepale, watu wa boda boda wakapiga honi.

Hukumu ilisomwa baadaye: mto ni mto hata ukipita chini ya mchanga, na sheria inaufuata huko huko. Kiwanda kikafungwa. Watu walishangilia kwenye ngazi za mahakama, na katikati ya vigelegele Maroa akamshika mkono Mourine.

"Sina kazi, lakini nakupenda. Nikuoe?"

Mourine hakucheka.

"Jaji amezuia sumu inayokuja. Ile niliyokunywa tangu utotoni je? Utaoa mtu mwenye maji yale mwilini?"

"Mimi pia ninayo," alisema Maroa. "Mara ya kwanza uliponipeleka kwenu, mama alinipa chai. Nikaomba kikombe cha pili."