Kijiti cha Kiota Namba Ishirini na Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku na mama yake walikagua ufukwe wa nyuma ya kisiwa. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo. Boti ya mizigo ilifika mara moja kwa wiki, na mbwa akibweka upande huu alisikika upande wa pili. Lakini kasa walikipenda. Walipanda pwani kutaga, na asubuhi alama zao zilionekana mchangani, pana kama za matairi ya trekta. Mama, aliyekuwa mlinzi wa kasa, alizifuata hadi kwenye kiota, kisha akachomeka kijiti chenye namba.

Kijiti hakikukaa juu ya kiota. Hapo wezi wa mayai wangepapenda! Tangu zamani, watu wa kisiwa walikichomeka hatua kumi kando, upande wa majabali. Mwizi alichimba chini ya kijiti mpaka kiuno kikamuuma, akaondoka mikono mitupu.

Mwaka huo Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na alitamani kitu kimoja tu: kuandika daftari la viota, kazi iliyokwenda pamoja na kupima hatua za vijiti. Bibi yake aliliandika, kisha mama yake. Aliona wazi kwamba sasa zamu ni yake.

Lakini daftari mama akampa Miwani.

Miwani alikuwa binamu yake, binti wa mjomba, fundi wa injini za boti. Walikuwa wamehamia kisiwani miezi mitatu tu iliyopita.

"Mama, mimi ndiye niliyezaliwa hapa!" Chiriku alilalamika.

"Umezaliwa hapa, ndiyo. Na wiki iliyopita nilipokujaribu, kiota cha tisa ulikiandika mara mbili. Mwenzako hurudia hesabu kabla ya kuandika."

"Huyo hata kuogelea hajui!"

"Daftari haliogelei," mama alijibu, akaendelea kufua.

Tangu hapo Chiriku hakulala vizuri. Mwenye duka akisifu mwandiko wa Miwani, Chiriku aligeuka akaondoka. Mama akisema "Miwani, mwanangu", roho ilimuuma kama aliyeibiwa. Miwani alipomwomba rula, alimjibu, "Pimia pua yako." Miwani akacheka, akidhani ni utani. Hilo nalo likamuudhi.

Jumamosi asubuhi, mama na Miwani wakiwa mbele, Chiriku alisimama kwenye kijiti namba ishirini na tatu. Alitazama huku na huku. Akaking'oa, akahesabu hatua saba kuelekea majabalini, akakichomeka upya na kufuta alama za miguu yake. Hakutaka kudhuru kasa. Alitaka tu siku wakichimba wakose, mama akunje uso na kusema, "Miwani, umekosea." Basi.

Siku hiyo haikuchelewa. Jumapili alasiri nahodha wa boti ya mizigo alipita nyumbani kwao bila hata kuketi.

"Mama Chiriku, leo maji ni makubwa. Yatafika kwenye majani."

Mama aliruka kutoka kwenye kiti. "Namba ishirini na tatu iko chini mno! Mayai yatazama. Leteni ndoo, twende tukayahamishe."

Walipofika, Miwani alitoka kwenye kijiti akahesabu hatua kumi. Wakachimba. Mchanga mtupu. Wakapanua shimo. Mchanga mtupu.

"Una hakika kijiti ulikipima?" mama aliuliza.

"Ndiyo, shangazi. Mara mbili."

"Kwa hiyo mayai yameota miguu?"

Mama alikuwa amekunja uso, kama Chiriku alivyotaka. Chiriku alingoja kufurahi, lakini furaha haikuja. Wimbi liliramba ukingo wa shimo. Miwani alipiga magoti, akachimba kwa kucha, miwani yake imejaa mchanga.

"Labda nilikosea, shangazi," alisema huku akilia. "Nisamehe. Nimewaua."

"Hakukosea!" Chiriku alipaza sauti. "Kijiti nilikihamisha mimi."

Mama hakupiga kelele. "Hatua ngapi?"

"Saba. Kuelekea majabalini."

"Zako au zake?"

"Zangu."

"Basi rudi. Tembea ulivyotembea jana."

Chiriku alirudi hatua saba, akasimama. Kutoka hapo Miwani akahesabu kumi zake. Walichimba wote watatu, na mkono wa mama ukagusa yai la kwanza. Aliyatoa moja moja bila kuyageuza, maana yai la kasa likipinduliwa, aliye ndani hufa. Walikuwa wamefika tabaka la mwisho wimbi lilipoingia na ukuta wa shimo ukaporomoka. Mayai kumi na moja yalibaki chini ya maji. Mia moja na manne waliyafukia juu, karibu na majani.

Mama alinawa mikono baharini, akamgeukia binti yake.

"Ulitaka binamu yako aonekane mjinga. Haya, amelia. Wewe umepata nini?"

"Sijapata kitu, mama."

"Na kumi na moja wasio na kosa wamekufa. Wivu ndivyo ulivyo, Chiriku. Unaulenga kwa mtu mmoja, unawapiga wengine ambao hata hukuwafikiria. Ukitamani kazi ya mwenzako, jifunze kuifanya vizuri. Usiiharibu ya kwake. Umesema kweli kabla hatujapoteza yote, na hilo nimeliona. Sasa mwombe radhi."

"Nisamehe, Miwani. Nilikuonea kijicho."

Miwani alifuta vioo kwa pindo la gauni lililolowa, akazidi kuvichafua. "Ungeniambia tu unalitaka daftari. Mimi nilikubali kwa sababu shangazi anatisha."

Mama alijizuia kucheka, akashindwa. "Kuanzia kesho mtaenda wawili. Miwani ataandika, Chiriku atapima, na kila mmoja atakagua kazi ya mwenzake. Ukivuruga tena, binti yangu, utakesha ukisugua sufuria."

"Sawa, mama," alisema Chiriku. Akaokota ndoo zote tatu, akatangulia.