Kiti cha Bi Nunu

Bi Nunu alikuwa amekaa kitini tangu asubuhi, na hasira zimempanda. Duka lao la Tandika alilisimamia miaka thelathini, akipima mchele na kutaniana na wateja. Goti lilipoanza kuuma, hospitali walisema limesagika. Mwanawe Zahor akanunua kiti chenye mto, akakiweka sebuleni. Ni miezi saba sasa mama hainuki. Hata maji ya kutawadha analetewa na mkwewe, Khulud. Mtaa mzima unamsifu Zahor kwa kumtunza mama, na unamsifu bure.

Siku hiyo alijaribu kwenda chooni mwenyewe. Mapaja yakamtetemeka, akarudi kitini puu.

"Mama, si umeambiwa usisimame?" Zahor alisema kwa upole.

"Nani kaniambia? Daktari hakusema hivyo. Umesema wewe."

Jirani yao Sekela, mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini, alikuwa anapita dirishani akitoka dukani kununua sukari. Akasikia, akaingia.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone nilivyofungwa bila kesi. Wafungwa wa Segerea wanaota jua, mie hata hilo sipati."

Sekela akamshika paja. Lilikuwa limenywea. Uso ukambadilika.

"Kaka Zahor, kwa nini umemkalisha?"

"Goti bovu, dada. Akitembea si litazidi kusagika?"

"Wengi mnadhani hivyo, na mnawaharibia wazee miguu. Msuli wa paja ndio unaolishikilia goti. Usipofanya kazi unanywea, na goti linaelemewa. Maumivu yanazidi, nanyi mnazidi kumkalisha. Watafiti wamelipima jambo hili katika nchi nyingi. Wengi waliofanya mazoezi, maumivu yalipungua na miguu ikapata nguvu. Goti halirudi kuwa jipya, lakini mtu anatembea."

"Mie nilikuwa namheshimu mama," Zahor alisema.

"Heshima yako imenila miguu," mama akajibu. "Miezi saba hiyo nani atanirudishia?"

Sekela akavuta meza karibu na kiti.

"Tutaanza na kiti hiki hiki," Sekela alisema. "Nyoosha mguu taratibu, hesabu mpaka tano, ushushe. Mara kumi kila mguu. Kisha shika meza, usimame, ukae tena. Maumivu kidogo yasikutishe. Yakidumu mpaka kesho yake, punguza. Goti likivimba au likiwa la moto, acha, uje hospitali."

Wiki ya kwanza Bi Nunu alimlaani kila mtu aliyepita. Khulud alikuwa akihesabu. Zahor alikatazwa kumshika mkono, na ilimuuma kuliko mama. Wiki ya sita akaenda chooni peke yake. Mwezi wa tatu wa mazoezi, asubuhi moja, akajifunga ushungi akashika njia ya dukani, hatua kwa hatua.

Zahor alimfuata nyuma amebeba kiti.

Bi Nunu akapita nyuma ya kaunta, akashika mizani, akamwangalia mwanawe.

"Kiweke hapo, ukikalie wewe," alisema. "Mie nimeshakaa vya kutosha."