Nafasi ya Nne

Asubuhi hiyo walikuwa watu watatu, na zikasikika sauti nne.

Ilikuwa desturi yao. Kabla ya kuwasha moto chini ya mtungi wa shaba, wale wanajeshi wastaafu walipanga mstari mbele ya mapipa ya wiski na kujihesabu kama kambini. Sajenti wao, waliyeendelea kumwita Afande hata baada ya kuvua magwanda, alianza: "Moja!" Kipara, fundi wa mitambo: "Mbili!" Mpishi, aliyewapikia jeshini na sasa anachemsha shayiri: "Tatu!" Kisha wote walinyamaza kidogo, maana nafasi ya nne ilikuwa ya Kicheko, aliyebaki vitani. Wazo la kiwanda hicho cha wiski lilikuwa lake. Tangu wafungue milango, hawakuwahi kuiruka nafasi hiyo hata siku moja. Jamani, nani angewakataza? Walimpenda.

Sasa, katikati ya kimya kile, mtu akasema taratibu nyuma ya mapipa, "Nne."

"Mpishi, acha utani," Kipara alinong'ona.

"Utani gani? Mdomo wangu huu hapa, umefungwa."

Afande alikwenda kuwasha moto, na kiberiti kikamzimikia mara tatu mkononi.

Siku ya pili sauti ilijibu tena, karibu zaidi. Siku ya tatu ikaja na harufu, si ile tamu ya mbao na kileo waliyoizoea, bali ya tope bichi na nguo iliyoungua, ikaingia kwenye shayiri, ikaingia kwenye mashati yao, na Mpishi alipochungulia nyuma ya pipa la mwisho aliona nyayo za buti, jozi moja tu, mbichi, zimeelekea mlangoni kama za mtu aliyesimama hapo muda mrefu akiangalia nani anakuja, na vumbi la pande zote halikuwa limeguswa.

Chumba cha pili alifanya kazi Shemeji, mjane wa Kicheko, akibandika lebo kwenye chupa. Alikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari amekwenda vitani. Siku ya nne Shemeji aliingia katikati ya hesabu, gundi mikononi, akaisikia.

"Nne. Afande, bado nasubiri."

Chupa ikamponyoka. "Hiyo ni sauti ya mume wangu," alisema. "Anasubiri nini? Afande, si uliniambia alikufa papo hapo? Ulisema hakuumia!"

Afande aligeuka kwenda kuchochea moto.

Kipara ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Alinusa mapipa, akapiga chafya, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu sitamfukuza mimi," alisema. "Mnamwita kila asubuhi, halafu mnashangaa ameitika? Hajui kama amekufa. Nani alimwambia asubiri?"

"Mimi," Afande alisema. Akamgeukia Shemeji. "Alipigwa miguuni. Hatukuweza kumbeba. Nikamwambia kaa hapa, tunarudi. Alicheka, Shemeji. Akasema, msichelewe. Hatukurudi. Nisamehe."

Shemeji hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, kando ya vigae vya chupa, akalia kwa sauti ndogo, na wale wanaume hawakujua mikono yao waiweke wapi.

"Mwambie amekufa," mganga alisema. "Basi. Usimpambie."

Afande alisimama wima. Harufu ya tope ilipanda hadi ikawaziba koo, na nyuma ya mapipa mtu alikuwa akipumua kwa shida, kifua kikikoroma, akingoja amri kama alivyongoja siku ile peke yake, na Afande akafungua mdomo kulisema neno lile, lakini macho ya Shemeji yalikuwa juu yake, mekundu, na neno likamgomea kama lilivyomgomea siku ile alipomwacha.

"Askari," alisema, machozi yakimtiririka, "zamu yako imekwisha. Nenda nyumbani."

Kimya. Harufu ikakatika. Kipara akamkumbatia Afande, wakalia wote wawili.

"Silo nililokwambia," mganga alisema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Asubuhi iliyofuata walijihesabu. Moja, mbili, tatu. Hakuna aliyejibu, na Mpishi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Shemeji alifika amechelewa. Macho yalikuwa ya mtu ambaye hajalala, lakini alikuwa anacheka. Gauni lake lilinuka tope, na mvua haikuwa imenyesha.

"Amefika jana jioni," alisema. "Hali, halali, amekaa tu mlangoni. Lakini amefika. Asante, Afande."

Afande aliweka kiberiti chini. "Shemeji, mtoto umemwacha na nani?"

"Na baba yake, na nani tena? Nimewaacha wanahesabu. Ameshampa mtoto namba yake. Tano."