Kabla ya Vanishi

Kila Jumamosi, akishaanika sare zake za shule, Ndoto huenda kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa kusuka upya waya za mota. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana ukimtuma maji anaweza kurudi na kikombe kitupu akasema mawingu yamependeza.

Jumamosi hiyo mezani kulikuwa na mota iliyoungua ya pampu ya zahanati. Mkunga aliyeileta alikaa kwenye benchi akiisubiri.

"Tangi limekauka tangu jana," alisema. "Na wodini nina wazazi wanne."

Shangazi alimpa Ndoto waya mwembamba wa shaba na kibao cha kuuzungushia. "Koili hii ni mizunguko tisini. Isizidi, isipungue."

"Mbona koili ile nyingine ya mota hii hii umetumia waya mnene?"

"Ile mota kubwa ya kinu pale kona ni ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme. Umeme unaingia kwa zamu, fezi hii, hii, kisha hii, kwa hiyo sumaku inazunguka yenyewe mle ndani, na rota, kile chuma cha katikati, inaifuata. Hii ya pampu ni ya fezi moja. Koili nene ikiwa peke yake, mota inanguruma tu, haijui izungukie upande gani. Koili nyembamba na kapasita, hiki kikopo cha kuweka umeme, ndizo zinazoionyesha njia."

"Na rota inaifikia hiyo sumaku?"

"Haiifikii. Ikiifikia itakosa cha kuisukuma. Inabaki nyuma kidogo, siku zote."

Ndoto akaanza kuzungusha. Shaba iling'aa kwa jua la dirishani, na ndani ya duara lile akamwona mtu akiukimbiza mwezi katika chumba kisicho na pembe. Mwezi ulikuwa karibu, karibu kabisa. Alipozinduka, midomo yake ilikuwa inasema "saba".

Arobaini na saba? Au hamsini na saba? Akachagua hamsini na saba, akaendelea hadi tisini.

Shangazi aliipanga koili mahali pake, akaifunga kwa uzi, akafungua kopo la vanishi. Vanishi ikishakauka, waya haufunguki tena ila kwa kukatwa. Brashi ikazama koponi.

"Shangazi, ngoja!" Ndoto aliweka kiganja juu ya koili. "Nilipotea hesabu. Ile hamsini niliibahatisha."

Mkunga akashika kichwa. "Jamani! Na wazazi wangu je?"

Shangazi hakufoka. Aliweka brashi chini. "Itoe. Ifungue, uhesabu kwa sauti."

Wakahesabu wote watatu, mkunga akipaza sauti yake ya wodini: "Sabini na nane, haya! Sabini na tisa, haya! Themanini!" Waya ukaisha. Mizunguko kumi haikuwepo.

Ndoto akasuka upya, kila kumi akichora mstari wa chaki mezani. Alasiri, vanishi ilipokauka, shangazi aliwasha. Mota ilinguruma, ikashika kasi, ikatulia kwenye mvumo laini kama wa mtu aliyelala fofofo.

"Ile ya kwanza isingewaka?" Ndoto aliuliza.

"Ingewaka vizuri tu, na tungeshukuriwa. Halafu, kwa kupungukiwa mizunguko, ingevuta umeme mwingi mno na kuchemka siku baada ya siku, mpaka iungue, mtoto akiwa anazaliwa na bomba halina tone." Shangazi akamfuta chaki shavuni. "Kuota sikukatazi, mwanangu. Hata mimi naota. Ila ukipotea, sema umepotea, kabla ya vanishi."