Abiria wa Gari la Msamaha

Kiti kilikuwepo, mtu hayupo. Kiti cha magurudumu kilikuwa mbele ya televisheni inayowaka, breki zimefungwa, blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Mzee, fundi wa kuezeka mapaa ambaye hakuwa amesimama tangu alipoanguka kazini, hakuwemo chumbani, bafuni wala uani. Mhudumu wake, aliyefungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe Alhamisi saa kumi na mbili jioni, alikitazama kile kiti, kisha akawapigia polisi simu.

Inspekta alifika giza likiingia. Alikuwa mama mfupi, mwenye macho yasiyoomba radhi.

"Mtu asiyetembea anapoteaje, afande?" askari wake aliuliza.

"Hapotei. Anabebwa," alisema. "Nitafutie aliyembeba."

Akamketisha mhudumu jikoni.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, afande. Mpwa wake aliniambia nisije leo mpaka jioni, wanakwenda kwenye ukaguzi wa gari."

"Ukaguzi gani tena?"

"Gari lilinunuliwa jipya kwa msamaha wa kodi wa walemavu, kwa sababu ya mzee, Baba namwita. Mpwa aliahidi litakuwa la kumtembeza. Sasa watu wa kodi wanataka wamwone ndani ya gari, wamhoji mwenyewe."

"Na humtembeza?"

Mhudumu alitazama sakafu. "Kila Jumapili Baba huvaa koti, akakaa dirishani. Ikifika mchana ananiambia nimvue."

"Anaweza kukaa bila wewe kwa muda gani?"

Hapo machozi yakamtoka. "Hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Juzi nilimmwagia chai ya moto pajani, yeye anaendelea kunisimulia habari za mpira. Mimi ndiye niliyepiga ukelele! Asipogeuzwa, mgongo unaoza. Na mrija wake wa mkojo ukiziba, afande, figo hazisubiri."

Inspekta hakulala vizuri usiku ule.

Mpwa alirudi Ijumaa asubuhi akiliendesha gari lenyewe, jeupe, linang'aa. Alikuwa kijana mtanashati, maneno yake yakiteleza kama yamepakwa mafuta.

"Mjomba ndiye aliyenilea, afande. Jana saa nane tulikuwa kwa afisa wa kodi. Saa tisa nikamrudisha, nikamwashia televisheni, nikaondoka kwenda kazini mji wa pili. Jirani wametuona."

Ni kweli, jirani walikuwa wameona gari likiingia na mzee aliyevaa barakoa na kofia akisukumwa ndani. Na waajiri wake walithibitisha kwamba saa kumi na moja alikuwa kwao.

"Ufunguo mwingine anao nani?"

Mpwa alipunguza sauti. "Dada huyu mhudumu peke yake. Sipendi kusema, ila Mjomba alishaanza kumlalamikia."

Hoja ilikaa sawasawa, na mkubwa wa kituo hakuwa na subira. Jioni ile mhudumu akawekwa mahabusu, akilia kwamba saa zinakwenda na hakuna anayemgeuza mzee. Inspekta alilaani kimoyomoyo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo ya nani?

Akalizunguka gari. Nyuma kulikuwa na ngazi ya mtelemko ya kupandishia kiti, na mikanda minne ya kukifunga sakafuni. Mikanda ilikuwa bado imo ndani ya mifuko yake ya kiwandani.

"Jana mlikifungaje kiti?"

"Mjomba hapendi kufungwafungwa," mpwa alijibu, bila hata kupepesa.

Jumamosi alfajiri Inspekta alimtoa afisa wa kodi kitandani. Alikuwa mtu mnene, muungwana, mwenye kiburi cha kazi yake.

"Namkumbuka sana. Mzee mcheshi! Sauti ilikuwa imekauka, alisema ana mafua, ndiyo maana ya barakoa. Nikamuuliza, gari linakutembeza? Akasema, kila Jumapili."

"Mlikuwa wapi?"

"Uani, chini ya mti. Siafu walitusumbua kweli. Mzee wa watu aliinama akajipiga kifundo cha mguu, pa! Akasema, 'Siafu wenu hawalipi kodi!' Tulicheka."

Inspekta hakucheka. Alisimama, akamshika afisa mkono. "Twende. Hiyo habari utairudia mbele ya mtu."

Sebuleni kwa mzee aliwakusanya wote, mhudumu akiwa ametolewa mahabusu, nywele timutimu. Afisa akasimulia. Alipofika kwenye siafu, mhudumu aliruka.

"Huyo si Baba! Baba hata ukimchoma na moto hajui!"

"Umesikia?" Inspekta alimgeukia mpwa. "Aliyekaguliwa Alhamisi ni mtu mwingine, na ndiye uliyemsukuma humu jirani wakiona, kisha akatoka zake kwa miguu. Kwa nini? Kwa sababu mwenyewe alishakataa kusema uongo."

Mpwa alilowa jasho. "Nilimwomba! Jumatano nilimpigia magoti. Aseme tu kwamba linambeba. Akasema atamwambia afisa kwamba hajawahi hata kuligusa, na mimi nalikodisha kwa maharusi. Wangelichukua! Wangenidai kodi yote!"

"Yuko wapi?"

"Sikumuua, afande. Nilitaka tu ukaguzi upite. Halafu nikaona nikimrudisha atasema. Nikashindwa kumrudisha, nikashindwa na..."

"Yuko wapi, wewe!"

"Tanuri la zamani la matofali. Nilimpeleka kwa gari usiku uleule wa Jumatano."

Mhudumu alijifunika uso. Hiyo ndiyo safari pekee mzee aliyowahi kupewa.

Gari la polisi lilikuwa doria. Wakachukua lile jeupe, mhudumu, askari na afisa wa kodi wakiwa nyuma, Inspekta akiliendesha kama anayemkimbiza mwizi.

Tanuri lilinuka mkojo na masizi. Mzee alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango. Mikono yake, iliyozoea kupanda mapaa, ilikuwa imemburuta mpaka hapo, na viwiko vimechunika nyama. Mhudumu alipiga magoti, akamgeuza.

"Baba!"

Midomo ilicheza. Alikunywa maji kidogo, akakohoa. Askari akarudisha gari nyuma hadi mlangoni, akashusha ngazi.

Mzee akafumbua macho, akalitazama.

"Silipandi."

"Baba, utakufa," mhudumu alisema.

"Basi wabebe maiti. Mimi silipandi."

Inspekta aliita ambulensi kwa redio. Kisha akavua koti lake, akalitandika chini ya mzee, na yeye na mhudumu na askari na yule afisa mnene wa kodi, wote wanne, wakamnyanyua mzee mabegani, wakaanza kushuka naye kwa miguu kuelekea barabarani.