Shoki za Buti la Ndambuki

Majirani walikuwa wamekwisha kumfunika mzee leso mbili, moja miguuni na nyingine usoni. Inspekta Mbithe alipiga goti mchangani, akaifunua ile ya usoni, akamwekea mzee vidole viwili shingoni.

"Huyu yuko hai," alisema. "Leteni gari."

Mzee Ndambuki alipakiwa kwenye gari la polisi na kukimbizwa hospitalini, mkewe Syombua akiwa amempakata kichwa. Mbithe alibaki pale Katangi na Konstebo Musili kuchunguza uwanja.

Ilikuwa Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Gari la mzee, kuukuu, la kubebea mazao, lilikuwa kando ya ghala. Damu ilionekana mahali pawili tu: mchangani, na kwenye komeo la mlango wa buti. Jeraha lilikuwa kisogoni.

Majirani walikuwa na jibu tayari. Kila aliyehojiwa alimtaja Muthoka, mdogo wake Ndambuki, fundi wa magari kule Kithimani. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, tangu walipogombana juu ya mahali pa kumzika mama yao. Muthoka alitaka alazwe Mwala, kando ya baba. Ndambuki, kwa kuwa ndiye mkubwa, alimzika hapa Katangi. Siku hiyo Muthoka alitamka mbele ya waombolezaji kwamba hana ndugu tena.

Musili alitaka wakamkamate mara moja. Mbithe alikuwa ameshika koti la kijivu lililokutwa chini ya kichwa cha mzee, limekunjwa mara tatu kama mto. Syombua alikuwa amesema si la mumewe. Alilikuta hapo alipotoka kanisani. Lilinuka grisi.

"Mtu anampiga mwenzake kisogoni," Mbithe alisema polepole, "halafu anamkunjia mto?"

Aliuinua mlango wa buti. Alipouachia ulishuka kwa uzito wake wote, na Musili aliudaka ukiwa shibiri moja tu juu ya kichwa cha mkubwa wake. Pande zote mbili, pale ambapo shoki za gesi hushikiza mlango usianguke, palibaki vichwa vya chuma vitupu, mviringo kama gololi. Shoki zenyewe hazikuwepo. Vibanio vyake vidogo Mbithe alivikuta kwenye dirisha la ghala, ndani ya kifuniko cha chupa, vimewekwa visipotee.

Mwizi wa vipuri hatunzi vibanio. Anayetaka kuua, hali kadhalika.

Mfukoni mwa lile koti mlikuwa na risiti ya duka la vipuri la Kithimani. Gari la polisi liliporudi, waliondoka papo hapo. Mwenye duka, Ramzi, hufungua hata Jumapili, na alikumbuka vizuri. Muthoka alikuwa amenunua jozi ya shoki za buti jana yake. Leo saa tatu alizirudisha: urefu ulikuwa sawa, lakini ncha zake zilikataa kuingia. Akabadilishiwa. Alikuwa na haraka, Ramzi alisema, anatazama saa kila mara, na anatabasamu peke yake.

Walimkuta Muthoka ameketi sakafuni katika gereji yake, milango wazi. Shoki mbili mpya zilikuwa mapajani mwake, bado zimo kwenye nailoni. Hakuinuka.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Mimi ndiye nimemuua ndugu yangu."

Mbithe alimwonya kwamba maneno yake yangeweza kutumiwa mahakamani. Muthoka aliitikia kwa kichwa.

"Ulimpiga na nini?"

"Sikumpiga. Nilimtolea shoki."

Alieleza akiwa ameinamia mikono yake. Juma lililopita alimwona Ndambuki sokoni, ameinama kwenye buti akivuta magunia, na mlango unamshukia mgongoni polepole kwa sababu shoki zilikuwa zimechoka. Muthoka alirudi nyumbani, chakula kikamshinda. Basi leo alingoja watu waende kanisani, akaingia uani, akazifungua zile za zamani. Mpya zikakataa. Akaufunga mlango, akachukua zile za zamani ziwe kipimo, akakimbilia Kithimani kubadilisha mpya, akijua ibada haijaisha. Hakujua kwamba ilikuwa sadaka ya mavuno, na kwamba Ndambuki angetoka katikati ya ibada kuja kuchukua debe la ndengu garini. Mzee aliinama kama alivyozoea, akiamini mlango utamjia taratibu.

"Niliporudi nilimkuta hapumui, ama niliona hivyo. Nikamwekea koti. Sikutaka kichwa chake kilale mchangani. Halafu nikaogopa, nikakimbia."

"Kwa nini hukumpelekea tu, mchana, mkononi?"

"Kutoka kwangu angepokea?" Muthoka alipangusa macho kwa mkono wenye grisi. "Nilitaka siku moja afungue buti, liinuke lenyewe. Asijue hata ni nani."

"Yuko hai," Mbithe alimwambia.

Muthoka alifunika uso, akalia kwa sauti, na Musili akageuka kutazama barabara.

Alasiri hiyo Ndambuki alikuwa amelala na bendeji kichwani, nyuzi saba zimepita kisogoni. Mbithe aliketi karibu naye akamsimulia yote bila kuficha kitu. Kisha akamweleza kwamba ana haki ya kumshtaki ndugu yake, na kwamba, liwe liwalo, polisi lazima waandike chanzo cha jeraha.

Mzee aliuliza:

"Alisema liinuke lenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Yuko wapi?"

"Nje, kwenye gari letu. Anaogopa kuingia."

Syombua alikuwa amekwisha kusimama, akatoka kwenda kumwita. Ndambuki alimgeukia Mbithe.

"Afande, andika kwamba mlango uliniangukia. Na andika kwamba ndugu yangu alikuja kunitembelea, akanikosa nyumbani."

Mbithe aliandika. Muthoka alipotokea mlangoni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji yake, Ndambuki alivuta miguu yake kando, kwa shida, ili pale kitandani mdogo wake apate nafasi ya kukaa.