Usukani wa Datsun Nyekundu

Stendi ya Lindi ilikuwa imefurika. Basi la Dar lilikuwa likishusha mizigo na kila mtu anavuta chake. Mwanaasha, fundi magari wa Rasbura, alikuwa amefuata pampu ya breki, ovaroli ya buluu mwilini, mtandio wa zambarau ameufungia nyuma. Kijana mtanashati, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akapita mbele yake na kitu cha duara kilichofungwa gazeti.

"Kaka, ungo huo umetoka Dar? Lindi hakuna nyungo?"

"Usukani huu, dada. Namtafuta fundi wa kuufunga."

"Basi umeshampata."

Kijana, jina lake Amiri, akacheka. Mimi ningekuwepo ningemwambia Mwanaasha achukue pampu yake aende zake.

Gari lilikuwa Datsun ya michezo, nyekundu, ya milango miwili, ameachiwa na marehemu baba yake. Usukani wake wa zamani ulikuwa mpana na umepasuka kwa jua. Mpya ulikuwa mdogo, wa ngozi nyeusi, nao haukuingia mpaka kiagizwe kipande cha kuuunganisha na gari. Wakati wa kukisubiri, simu zikawa haziishi.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Kipande chako hakijafika."

"Nani kauliza kipande? Nakuuliza wewe, mpenzi."

Kilipofika, Mwanaasha alinyoosha matairi, akachomoa waya wa betri, akaung'oa usukani wa zamani taratibu. Kipande kile kiliruhusu usukani ukae karibu na dereva au mbali, kwa hiyo akauliza aufunge wapi.

"Kaa wewe," Amiri akasema. "Ufunge kwa kipimo chako."

"Gari lako, kipimo changu?"

"Nataka mwanamke wa urefu wako akikaa hapo, mikono imfikie vizuri."

Jamani, mwanamke gani asingeelewa alivyoelewa Mwanaasha? Alikaa akicheka, Amiri akainama na futi akipima kutoka usukani hadi kifuani kwake. Jioni hiyo alimwambia mama yake kwamba anaolewa. Mama akapiga kigelegele cha chini chini, majirani wasisikie kabla ya posa.

Ijumaa Amiri akaja kuchukua gari, amevaa kanzu, pamoja na baba yake mdogo, Mzee Kibwana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetusitiri. Bibi harusi yuko Kilwa Masoko, mahari aliyotaja ni gari hili, ila usukani wa zamani ulimshinda."

Mwanaasha alimtazama Amiri. Amiri alitazama matairi. Mzee akaenda zake dukani kununua maji.

"Ulinipima mimi."

"Mnalingana urefu. Mambo ya wazazi haya, Asha, yalipangwa kabla sijakuona."

"Na simu zote zile?"

"Nilikuwa nakupenda. Hata sasa nakupenda. Harusi hii ipite, mwakani nikuoe na wewe. Dini inaruhusu."

"Inaruhusu. Mimi sitaki."

"Asha wangu..."

"Sogea, nimalize kazi."

Nati ya usukani ilikuwa bado imekazwa kwa vidole tu, si kwa spana. Shetani alimnong'oneza aiache hivyo hivyo, nisiwafiche. Akamfikiria yule binti wa Kilwa, asiyejua lolote, akaikaza mpaka mwisho. Akaunganisha waya wa honi, akaijaribu, ikalia. Alimkabidhi Amiri ufunguo bila kumgusa mkono.

Vumbi la Datsun lilikuwa halijatua simu yake ilipoita. Alikuwa mama yake, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, shangazi yako wa Kinjumbi ameshafika. Anauliza watu wa Amiri watakuja wangapi kuleta posa, ajue mchele wa kuchambua."

"Hawaji, mama."

"Hawaji leo?"

Mwanaasha alikaa chini kwenye sakafu ya gereji, mgongo ukutani.

"Mwambie shangazi aurudishe mchele."